Ubao Juu ya Mlango wa Harcombe

Lodi mzee wa Harcombe alizikwa mwezi wa pili, na mwanawe wa pekee, Ambrose, alikuwa amemtangulia, aliangushwa na farasi. Basi cheo cha ulodi kikabaki hakina mtu. Kiliwekwa kando kikimsubiri aliye tumboni mwa Lavinia, mjane wa Ambrose. Akizaliwa wa kiume, ni Lodi papo hapo, hata kabla hajanyonya. Akizaliwa wa kike, cheo kinakufa, maana ukoo haukubakiwa na ami wala binamu.

Hata ubao wa nembo ya ukoo, unaotundikwa juu ya mlango wa nyumba yenye msiba, haukuwa umekamilika. Mchoraji, Jabez, alichora ngao na simba wake, juu akapaacha peupe. Ukoo unaoendelea huwekewa kofia ya chuma. Uliokwisha huwekewa fuvu.

Lavinia hakutaka cheo. Alitaka mtoto wake apokelewe. Tumbo lake lilishakuwa mali ya watu: mpishi alilitazama akasema ni la mviringo, hilo binti, mtunza farasi akabisha. Mama mkwe wake, Bibi Augusta, alimletea supu kwa mkono wake mwenyewe, akasimama pale mpaka bakuli liishe.

Uchungu ulimshika asubuhi. Mkunga, Bi Tamsin, alimtania ili asiogope. "Sukuma, mama. Hawa malodi wavivu, hawatoki bila kufukuzwa."

Mtoto akatoka. Alimfuta mtoto, akamfunga vizuri, akamweka kifuani mwa mama yake bila kusema ni nani. Lavinia akajua ni binti.

"Pole, mama," mkunga akasema.

Mjakazi alipoleta maji naye akatoa pole. Kasisi alitoa yake nyuma ya mlango. Mtoto alikuwa mzima, mwekundu, ananyonya kwa pupa, na nyumba nzima hapakutokea wa kumwambia mamaye hongera. Nje, ngazi ya Jabez ilisikika ikiegemezwa ukutani, penye mlango wa ubao.

Bibi Augusta aliingia mwisho. Aliketi kitandani, akamfunua mtoto uso, akamtazama sana. Lavinia aliwaza: huyu akisema neno moja jema, wengine watafuata.

"Pua ni ya Ambrose," Bibi Augusta akasema. Machozi yakamdondoka. Akamfunika tena mtoto, taratibu, kama mtu afunikaye maiti. "Pole, mwanangu."

Lavinia alikuwa na jibu, lilishamjaa kinywani. Lakini yule mama alikuwa amezika mume na mtoto, na sasa anazika jina.

"Asante, Mama," akasema. "Nawe pole."