Mfano Uliotoka Mezani

Katika chumba cha kamusi, kila neno la Kiingereza lilipewa maana, kisha mfano. Mfano haukutungwa. Ulitakiwa uwe jambo aliloliona au kulisikia mwandishi mwenyewe, naye aweze kusema wapi. Sharti hilo aliliweka Mkuu wa idara, na alilitunza kama mboni ya jicho lake.

Mwandishi mdogo kuliko wote, waliyemwita Wembe kwa ajili ya ulimi wake, alikuwa bado kwenye majaribio. Siku hiyo walikaa kusomeana maneno yao, na baada ya kikao Mkuu angetia saini aajiriwe, au binti afungashe virago. Dada yake alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba kazi imepatikana. Neno alilopangiwa lilikuwa "ridicule".

"Haya Wembe, tukate," alisema Mkuu. Wahariri wawili wakacheka kwa mpigo mmoja, kama kawaida yao.

Wembe akasoma. "Kumfanya mtu kichekesho mbele za watu ili aonekane si kitu. Si utani. Mtani hujibu, mkacheka wote. Anayefanyiwa hili hana pa kujibia."

"Safi kabisa! Mfano?"

"'Bosi alitikisa kikombe mpaka chai ikamwagika, akimwiga mchapaji anayetetemeka mikono, na chumba kizima kikaangua kicheko.'"

Kelele za vitufe zikakoma. Kwenye meza ya pembeni mchapaji, mtu mzima ambaye wote walimwita Mama, aliishusha mikono yake akaifumbata mapajani.

"Umeupata wapi?" mhariri mmoja akauliza kwa mazoea, kisha akatamani kumeza ulimi.

"Hapa hapa. Jana, wakati wa chai."

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Binti, ule ulikuwa mzaha. Mama mwenyewe alicheka. Si ulicheka, Mama?"

"Nilicheka, Mkuu. Ningefanyaje?"

"Umesikia? Mwenyewe hana neno, wewe unajitia wakili. Ufute, lete mwingine, na uniombe radhi mbele ya hawa. Nikishatia saini tukale, njaa inauma."

Wahariri walichungulia karatasi zao kama wanaotafuta sindano. Wembe alikuwa na mifano mingine miwili kichwani, yote ya kweli, yote ya watu wa mbali. Kutaja mmojawapo kusingemchukua hata dakika.

Mama akajiinamisha kuelekea kwake. "Mwanangu, omba yaishe. Usijiharibie kwa ajili yangu. Mimi nimeshazoea."

"Usingezoea, Mama, wangeacha."

"Wembe!" Mkuu aligonga meza. "Nasubiri."

Wembe aliisukuma karatasi yake katikati ya meza, mahali ambapo kila mtu angeweza kuisoma.

"Ukinionyesha palipo na uongo, Mkuu, nitafuta sasa hivi. Lakini radhi siombi."