Kuisalimia Dunia Upya

Hakuwa na meza. Kompyuta kuukuu aliyopewa na kaka yake aliiweka juu ya cherehani. Hakuwa na chumba chake peke yake, maana alilala na mama yake mzazi, mwanamke mwenye maneno. Hakuwa na Kiingereza cha kuwafuata walimu wa mtandaoni wanaoongea kama wanakimbizwa. Ujana nao ulikwisha kumpa kisogo. Hayo yote angeyamudu. Kilichomuumiza ni kukosa mtu wa kumwambia: anzia hapa, ukimaliza nenda pale.

Alikuwa msoma mita za maji, na mitaani walimwita Bi Mita. Kila asubuhi alipewa karatasi ya mzunguko: geti hili, kisha lile, vuka barabara, rudi upande wa pili. Alifunua mfuniko, akapangusa kioo, akasoma, akaandika, akaenda nyumba inayofuata. Hata mbwa wa mtaa walimjua kwa mpangilio.

Sasa kampuni ilikuwa inafunga mita zinazojisoma zenyewe. Tangazo lilisema wasoma mita watakaofaulu mtihani wa kuandika programu za kompyuta watahamishiwa ofisini, na wengine wataagwa. Wataagwa! Neno tamu kwa jambo chungu. Bi Mita akajikaza kisabuni, akatangaza mbele ya wenzake kwamba yeye ataufanya.

Kozi ya kwanza aliyoipata mtandaoni ilikuwa na mwalimu mcheshi. Somo la mwanzo lilikuwa kuifanya kompyuta ionyeshe salamu. Bi Mita akaandika: Hujambo, dunia. Maneno yakatokea kwenye kioo. Akamwita mama yake.

Mama akavaa miwani. "Imekuitikia nini?"

"Haiitikii, mama. Inaonyesha nilichosema."

"Basi haina adabu."

Somo lililofuata lilihusu kigeu, yaani kisanduku chenye jina, ndani yake mna namba inayobadilika. Bi Mita akacheka peke yake. Si mita hiyo! Wiki ile alipita mitaani kifua mbele, akifunua mifuniko kama mwenye siri ya furaha.

Kisha akaja Bomba, msoma mita mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa sababu akifunguka hafungiki.

"Dada, lugha hiyo ya kompyuta ni ya kupamba kurasa za mtandao tu. Ofisini wataifanyia nini? Tafuta ile nyingine."

Akaitafuta. Salamu tena, kisanduku tena. Bomba akasema na hiyo imepitwa na wakati. Akatafuta ya tatu.

"Leo tena hujambo?" mama aliuliza toka kitandani. "Hiyo dunia itakuchoka."

Akajaribu kuruka masomo ya mwanzo, akajikuta hewani. "Kama mnavyojua tayari," mwalimu alisema, na Bi Mita hakujua. Akaenda kutafuta alichopaswa kukijua, huko nako akakuta mwalimu mwingine na "kama mnavyojua" yake. Kozi zilikuwa tele, kila moja ikijisifu kuwa ni ya wanaoanza.

Jumapili moja akaamua kujichorea njia mwenyewe. Kila kozi ilitaja mambo ya kujua kabla ya kuianza, kwa hiyo aliyaandika kwenye karatasi na kuyaunganisha kwa mishale. Hii inataka ile. Ile inataka nyingine. Ile nyingine, alipoisoma vizuri, ilitaka hii aliyoanzia. Akaifuata mishale kwa kidole mara mbili, akidhani amekosea.

Mama alichungulia begani. "Mwanangu, hapo si unazunguka nyumba moja tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mlango uko wapi?"

"Sijauona."

Kesho yake alimfuata msimamizi. "Bosi, niambie tu mtihani ni wa lugha gani. Mengine nitapambana nayo mwenyewe."

Msimamizi alitazama mlangoni kwanza. "Bi Mita, nikisema najua nitakudanganya. Agizo limetoka makao makuu. Nimewauliza, wakasema mjiandae."

"Tujiandae na nini?"

"Na mimi niliwauliza hivyo hivyo." Akashusha sauti. "Asiyeufanya aandike barua, mwisho Ijumaa. Asiyeandika na asiyetokea atahesabiwa mtoro, na cheti cha utumishi hapati."

Nje alimkuta Bomba ananawa miguu. "Wewe umefika somo gani?"

Bomba alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Dada, mimi nasoma vichwa vya kozi tu. Nikifungua ndani, naona giza."

"Na lugha zote ulizonihamisha?"

"Nilijisemea wewe ndiye utakayefika. Ukifika, utanielekeza."

Bi Mita akaondoka. Hata kumkasirikia aliona ni kazi.

Alasiri alifungua kozi moja ya mwisho. Mwalimu mpya alipiga makofi, akasema jambo hili ni rahisi, hata mtoto analiweza, na sasa tuisalimie dunia. Bi Mita akaishusha kompyuta chini, akaweka karatasi nyeupe juu ya cherehani.

Aliandika kwa mwandiko wake uliosimama wima: *Naomba jina langu liondolewe katika orodha ya watahiniwa. Sikukataa kujifunza. Nilitafuta pa kuanzia, nikapata pengi mno.* Mstari wa mwisho aliutazama kwa muda. Akaona makao makuu hawataufahamu, lakini akauacha, kwa kuwa ndio ulikuwa ukweli.

"Umewaandikia nini?" mama akauliza.

"Kwamba siendi."

Mama alivua miwani na kuanza kuifuta kwa upindo wa nguo yake.

Ijumaa asubuhi Bi Mita aliikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akalowesha gundi kwa ulimi na kuibana. Tarishi wa kampuni alikuwa tayari ameshika baiskeli getini.

"Na wewe tena, Bi Mita?"

"Na mimi."

Tarishi akafungua mkoba, akazisogeza barua za wasoma mita wengine ili ya Bi Mita ipate nafasi, akaitumbukiza. Kisha akapanda baiskeli, akashika barabara ya makao makuu.