Walii wa Subira

Feza alikuwa uani kwake Kasongo akipepeta mchele wakati Lukumani alipoingia. Alimtambua kwa kicheko kabla hajainua uso. Miaka kumi na saba ilikuwa imepita tangu kicheko hicho kiingie kijijini kwao, ng'ambo ya Kabambare, pamoja na bunduki.

"Mwanangu," alisema Lukumani, "umenenepa."

Mwalimu Sumaili, aliyefuatana naye, alieleza jambo kwa upole. Msichana haolewi bila walii, mwanamume wa kumwoza. Baba yake Subira, binti wa Feza, alikufa kwa ndui, na hakuacha ukoo. Mama yake aliletwa mjini akiwa mateka. Basi walii ni yule aliyemmiliki mama akamwacha huru, yaani Lukumani. Naye amekwisha kumchagua Alimasi wa Nyangwe, mwuza baruti, mwenye wake watatu na meno manne.

"Mutoto wangu anamutaka Faradji muhunzi," alisema Feza.

"Faradji iko masikini," alisema Lukumani.

"Na ukoo mimi ninao."

Akaweka ungo chini, akawaita watu wa ukoo wake kwa majina, kwa sauti ya mtu anayegombana. Wakaja kwa njia ya Kabambare, jua la asubuhi likiwaka, watu thelathini na wanane. Baba yake alitangulia. Kupitia tundu la kifuani mwake ilionekana migomba ya jirani. Majirani waliwapisha, wakawapa maji. Maji yakamwagika kupitia matundu ya risasi, wakaomba tena.

"Huyu ni baba yangu," alisema Feza. "Atamwoza mujukuu wake."

"Karibu, mzee," alisema Mwalimu. "Nani alikuua?"

Baba akamwonyesha Lukumani kwa kidevu.

"Kweli," alisema Lukumani. "Alikuwa na mbio sana siku ile."

Hakuna aliyebisha. Mwalimu alifikiri, kisha akasema kuwa maiti hawezi kuwa walii, seuze maiti asiyeswali.

"Huyu alinikamata!" Feza alipiga kelele. "Alituua, akanifunga kongwa shingoni!"

"Tunajua, mama. Asingekukamata, angekuwaje walii?"

Waliokuwapo walilisifu jibu hilo.

Subira aliulizwa ndani ya nyumba. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuwa akilia, hakujibu, na kimya cha mwali ni idhini. Lukumani akashika mkono wa Alimasi, aliyekuwa akingoja nje na mizigo yake, ndoa ikafungwa.

Wakati wa kuondoka, Alimasi aliwatazama wafu, akaona wana mabega. "Hawa hawali posho," alisema, akawagawia mizigo ya baruti. Baba yake Feza alipewa mzigo mzito kuliko yote, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Subira alitembea nyuma yake hadi walipopotea kwenye njia ya Nyangwe.

Feza akamtemea Lukumani mate usoni. Lukumani akajipangusa kwa kilemba, bila haraka.

"Mwanangu," akauliza, "hakuna wengine unaowakumbuka?"