Matundu ya Kushoto

...au kulia, basi ilikuwa kulia, maana pasi ilikuwa kushoto, hapana, pasi ilikuwa mkononi, na hapa alipo amechuchumaa nyuma ya kabati kama kuku anayeatamia, vidole vimeshika plagi ya ukutani, mumewe yuko chumba cha pili mbele ya kompyuta, anasema asichomoe mpaka aambiwe, betri ya akiba imejaa, mia kwa mia, anaisoma kama baba anayesoma matokeo ya mtihani ya mwanawe... mia kwa mia, sawa, lakini hiyo kompyuta inajua nini, inaletewa habari za betri tu, haiambiwi nani kachomekwa wapi, na betri ina matundu sita, matatu ya kulia yanashika umeme ukikatika, matatu ya kushoto kazi yake kuzuia radi, umeme ukiondoka nayo yanaondoka, na fundi alishasema, kati ya diski mbili za sanduku la kumbukumbu, moja imekufa kwa kuzimika ghafla, hii iliyobaki ni ya kuombea dua, ikizimika hivyo mara moja tu, mama, utanisamehe, itamfuata mwenzake. Ndiyo maana ya jaribio, mpima ardhi kama mumewe hata akistaafu hakanyagi asipopima, kunakili kwenda diski mpya ni siku nzima, umeme wenyewe hauna adabu, kwanza tuichomoe betri ukutani, anasema, sanduku la diski likiwa linawaka, bila mzigo wake halisi kipimo ni porojo... na mzigo wenyewe ni Cherehani, binti yao, walimwita hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, leo miaka mitatu yuko kaburini, sauti yake yote imo humo, na vile vicheko vya kukatikia puani, nakala nyingine hakuna, baba mtu alikataa katakata, mwanangu halali nyumba za watu. Na Jumanne, sanduku likiwa limezimwa kungoja diski, yeye mke, mshona nguo, aliyekatazwa kugusa hata vumbi lake, alichomoa waya wa sanduku apate tundu la pasi, kwa ajili ya gauni la yule bibi harusi aliyerudi mara ya tatu kiuno kipanuliwe, eti kitambaa kimeruka, kimepungua, kitambaa gani kinaruka mbele tu, haya, akapiga pasi, akarudisha waya... wapi? "Uko tayari?" mume anauliza, naye anajibu yuko, kwa nini asiseme, neno moja tu, nilichomoa Jumanne, angekuja na tochi, angenuna wiki nzima, kununa kwake ameshakuzoea kama ukoko wa sufuria, si hilo basi, ni nini... ni zile jioni, anajifungia na Cherehani, anawasikia wakicheka nyuma ya ukuta, akitoka amemaliza maneno yote, kwa mkewe analeta sahani ioshwe, miaka mitatu hajamuuliza hata umeamkaje, afadhali mke mwenza, mke mwenza utamrushia maneno, marehemu uliyemzaa mwenyewe utamwambia nini, Mungu nisamehe, mwanangu nisamehe, na papo hapo vidole vikakumbuka vyenyewe, Jumanne ile, gauni limeshatundikwa, pasi imepoa, haraka hana, aliinama, akakiona kile kichoro kidogo cha betri juu ya matundu ya kulia, akakitazama vizuri, akauchomeka waya kushoto, akaenda kuoga, na bafuni aliimba. "Haya, mke wangu, chomoa." Plagi ina joto, imelowa jasho lake... "Baba Cherehani," alisema, kwa sauti laini ambayo hakuwa ameitumia tangu msiba, "vidole vimekufa ganzi. Njoo uchomoe mwenyewe." Kiti kikasukumwa nyuma, ndala zikaanza kuja, taratibu, na yeye palepale, mkono kwenye plagi, akasogeza bega kumpisha.