Siku 364 Bila Ajali

"Juu kidogo. Hapo hapo," mlinzi wa geti alielekeza, na mzee Taratibu akakitundika kibati chenye nambari nne kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliubana kifuani, ndani ya bandeji iliyoanza kunuka. Ubao ukasomeka: SIKU 364 BILA AJALI.

Mlinzi alikunja pua. "Mzee mwenzangu, nenda hospitali. La kuvunda halina ubani."

Jina la Taratibu alipewa na wenzake, maana kwa miaka kumi na tisa ya kukata maboksi hakuna aliyewahi kumharakisha. Wiki mbili zilizopita waliharakishwa wote, mashine ikala vidole vyake viwili. Lakini kiwandani ajali huhesabiwa pale tu mtu anapokosa zamu. Kesho yake gari la ofisi likamfuata nyumbani, akapewa kiti stoo na kazi moja: kubadilisha nambari za ubao kila asubuhi. Alipomsimulia mkewe, walicheka wote wawili. Sasa hawacheki tena.

Jana nesi alimwambia alazwe leo, bila hivyo mkono wote utakatwa. "Baba watoto," mkewe aliuliza usiku ule, "wakiukata, watautundika ubaoni?"

Binti wa ofisini akaja na mpiga picha. Binti ndiye aliyeandika ripoti ya kampuni kuhusu wafanyakazi wake.

"Shikamoo, mzee. Leo tunakupiga picha ya ripoti."

"Marahaba, mwanangu. Nesi amesema nilazwe leo."

Binti aliutazama mkono, akahamisha macho haraka. "Kesho, mzee wangu. Kesho tunatimiza mwaka. Ukikosa zamu leo tunarudi sifuri, na ripoti tumeshaiandika."

"Kesho mmeshaiandika?"

"Tumeiandika," alijibu kwa sauti ndogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, kama wote pale.

"Baba, mkono mfukoni," alisema mpiga picha.

Taratibu alijaribu. Bandeji ilikuwa nene, haikuingia. Alijaribu tena, maumivu yakapanda mpaka begani, machozi yakamtoka mbele ya mtoto wa watu, akaona aibu.

"Basi geuka upande. Tabasamu kidogo."

Akageuka kweli, akauelekea ubao. Akateremsha ile nne, akateremsha sita, akateremsha tatu, kimoja kimoja, na kuvipanga chini ukutani. Akainama kwenye boksi la vibati, akapekua, akatoa kingine na kukitundika msumari wa katikati.

"Mzee, tafadhali," binti alisema, lakini hakusogea.

Taratibu alikuwa ameshafika getini. Mlinzi alifungua daftari la wanaoingia na kutoka, akashika kalamu.

"Niandike umekwenda wapi?"

"Hospitali. Na saa uandike."

Mlinzi aliandika polepole, kisha akamfungulia geti lote, lile kubwa la magari. Upepo ukaingia, na nyuma yao kile kibati cha sifuri kikaanza kugonga ubao.