Washa ya Upande wa Pili

"Futi yako ya kupimia imevutika, mdogo wangu," kaka alisema bila kuinua macho. "Futi ikivutika, chumba husoma kidogo."

"Hii nimeinunua asubuhi."

Dada, fundi cherehani, aliiweka mezani. Baba yao aliwaachia nyumba moja yenye ukuta katikati, nusu kwa nusu. Tangu kaka astaafu kiwandani na kuanza kuunda injini ndogo, kubwa kidogo kuliko kikombe, ukuta ulikuwa ukisogea upande wa dada. Leo mapacha wake waliamka magoti yakigusa kidevu.

Kaka alikata bati la kopo la maziwa umbo la kwato, akalisugua kwa msasa juu ya kioo hadi likawa jembamba kuliko karatasi. Akaipenyeza washa hiyo, kipande cha kuziba nafasi, kushoto mwa shafti, mhimili wa injini, akaipiga lehemu. Shafti ikasogea kulia unywele mmoja. Ukuta nao ukasogea kulia, kwa dada, shubiri moja, taratibu, bila kutikisa picha ya baba.

"Shafti ilikuwa inacheza," kaka alieleza.

"Hiyo washa ya ngapi?"

"Ya saba."

"Nami nimepungukiwa shubiri saba. Haba na haba, kaka, kibaba chako kinajaa."

"Mama Pacha, huishiwi madai. Nyumba kuukuu hutulia."

"Inatulia kwangu tu?"

Kaka akapuliza vumbi la bati.

Dada aliinama, akachungulia kulia mwa shafti. Nafasi iliyobaki ilitosha washa mbili. Jicho lililozoea pindo halikosei. Shubiri mbili zaidi, na cherehani ingelala uani.

Akatoa mkasi wake wa vitambaa, ambao hata mumewe hakuthubutu kukatia karatasi, akakata bati. Makali yakalia; mkasi huo usingekata hariri tena. Akasugua, akajaribu, akasugua tena.

"Ukiiweka hiyo, injini haitazunguka," kaka alisema.

"Najua."

"Na ukuta hautarudi."

Ilikuwa mara ya kwanza kaka kukiri kwamba ukuta ulikuwa umesogea.

"Basi ubaki hapo hapo."

Akaipenyeza washa yake kulia, nene mara mbili ya zile za kaka, ikajaza nafasi yote, akachukua chuma cha lehemu kikiwa bado cha moto, akaifunga. Kaka alijaribu kuzungusha shafti kwa kidole. Haikwenda. Ukuta haukusogea huku wala kule.

"Niazime msumeno," dada alisema.

Kaka akampa. Dada akazunguka hadi upande wake, akaanza kufupisha kitanda cha mapacha.