Alama za Chui Wawili

Askari walimpiga Jean-Marie, mlinzi wa lango la shule yetu, kwa kitako cha bunduki hadi meno yake mawili yakadondoka kwenye kokoto. Kosa lake lilikuwa kuwauliza wanamtafuta nani. Walikuwa wananitafuta mimi, mwalimu wa kuchora. Ilikuwa mwaka 1999, waasi ndio waliotawala Bukavu, na mwenye bunduki haulizwi. Wanafunzi wangu walilala chini ya madawati bila kuambiwa, maana somo hilo walilijua kuliko hesabu.

Walinipeleka kambini kwa Kamanda Évariste. Bwana huyo alikuwa ameamua kwamba kila askari wake awe na tatuu ya chui mkononi, ya sindano na wino wa masizi, isifutike hadi kaburini. Wachoraji walikuwa wawili. Mmoja ni Honoré, askari wake mwenyewe. Wa pili ni Bisimwa, niliyemfundisha miaka mitatu, ambaye alikuwa akiandika mabango ya maduka katika soko la Nyawera mpaka walipomkamata huko huko. Kamanda alimtaka mmoja tu. Siku kumi kabla, kila mchoraji alikuwa amemchora askari mmoja, na sasa mimi nitoe alama.

"Mwenye atapata pointi kidogo, mukono yake ya kuume tutaiponda," aliniambia. "Na ukibapatia sawasawa, tutaponda ya bote."

Niliogopa, sitadanganya, lakini hasira ilinizidi. Nilimwambia kama anataka mashindano ya kweli, mwamuzi asijue kazi ni ya nani. Nikadai shuka lenye matundu mawili, askari waliochorwa wasimame nyuma yake na kutoa mikono tu, na wachoraji wakae mbali. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni, kwa sababu damu iliyokauka huficha uzembe. Alama nane ziende kwa mistari, sita kwa umbo, sita kwa ngozi yenyewe, maana sindano ikizama mno wino husambaa chini kwa chini na mchoro huvimba kama mkate uliolowa. Kamanda alifurahi sana. Haki aliipenda, mradi isimguse yeye. Askari mmoja aliyecheka kuhusu sabuni alichapwa mikanda mbele yetu mpaka akajikojolea.

Mkono wa kwanza ulipotoka kwenye tundu, nilisahau kidogo nilipo. Chui alikuwa amejikunja tayari kuruka, mistari imenyooka, ngozi imepona vizuri bila kovu. Moyoni nikampa kumi na nane, na mimi alama hiyo siitoi ovyo.

Wa pili alikuwa chui wa wastani. Mstari wa mgongo wake ulitetemeka, tumboni wino ulikuwa umesambaa. Angestahili kumi na mbili. Lakini sikio lake la kushoto lilikaa chini mno, karibu na jicho, na sikio hilo nililifahamu. Nililizungushia wino mwekundu kwenye karatasi za Bisimwa kwa miaka mitatu, naye alicheka tu na kulirudia.

Basi shuka langu likawa pazia la bure. Nilisimama pale na haki yangu mkononi, na nyuma ya uwanja kulikuwa na kijana ambaye mkono wake ulimlisha mama mjane. Sikusita hata kidogo. Wa kwanza nikampa kumi na moja, wa pili kumi na tano. Nikasoma kwa sauti, nikitoa sababu ya uongo kwa kila alama, kwa ile sauti ya darasani ambayo hakuna anayeibishia.

Kamanda akauliza mkono wa pili ni kazi ya nani. Aliyesimama ni Honoré.

Kwa furaha yake alianza kusimulia bila kuulizwa. Chui huyo, alisema, alijifunza kwa kumnakili kutoka ukuta wa baa moja Nyawera, alikochorwa na Bisimwa zamani, na hakuacha kitu hata kimoja. Ndipo nilipoelewa kwamba Bisimwa alikuwa amenisikia hatimaye, akalirekebisha sikio la chui wake, na kwamba yule wa kwanza ndiye aliyekuwa kazi yake.

Ningeweza kusema. Nilifungua kinywa, nikayaona meno ya Jean-Marie kwenye kokoto, nikakifunga. Mimi ni mwoga, na liandikwe hivyo hivyo.

Askari wanne walimkandamiza Bisimwa, mkono wakauweka juu ya jiwe la kufulia. Walitumia nyundo. Pigo la kwanza alipiga yowe ambalo bado nalisikia nikishika chaki. La pili alitapika. Baada ya la tatu na la nne, vidole havikuwa vidole tena.

Walimburuta wakamwegemeza ukutani karibu nami, mkono umeviringishwa ndani ya shati lake, damu ikichuruzika hadi kwenye viatu vyangu. Kamanda alisimama juu yetu na karatasi yangu ya alama, ameridhika. Bisimwa aliinua uso wenye rangi ya majivu.

"Madame," akasema, "nilikosa fasi gani?"

Kamanda alikuwa ananitazama. Nilimjibu kwamba alikosea kwenye mistari, ilitetemeka. Bisimwa aliitikia kwa kichwa, taratibu, akaniomba radhi.